Itadakimasu si "karibu chakula"

Wanaoanza Kijapani hulichukua neno itadakimasu kana kwamba ni "karibuni mezani". Sivyo. Hulisema anayekula, si anayekaribisha. Limetoka kwenye itadaku, kitenzi cha unyenyekevu chenye maana ya kupokea, na husemwa kabla ya kuonja chochote, mara nyingi viganja vikiwa vimekutanishwa. Hata mtu anayekula peke yake hulisema. Mwenye kukaribisha husema dōzo, au kwa heshima zaidi, dōzo meshiagatte kudasai.

Irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o kama zetu, kwa hiyo nusu ya kazi imeisha. Kinachotuponza ni ile u ya mwisho: tunaitamka yote, ilhali Mjapani huinong'ona tu, neno likasikika kama "itadakimas".

Ukimaliza kula, sema gochisōsama deshita, na ō uivute kweli. Mkahawani huambiwa wahudumu au mpishi wakati wa kutoka. Kwa ndugu na marafiki, deshita huweza kuachwa.

Njaa ina mtego wake. Husemwa onaka ga suita, yaani tumbo limebaki tupu, na ile -ta ni ya jambo lililokwisha kutokea. Anayesema onaka ga suku akidhani ndiyo "nina njaa" amekosea. Fikiria "nimeshiba": shibe ni ya sasa, lakini kitenzi kina -me-. Utasikia pia hara hetta, hasa kwa wanaume. Ni maneno ya maskani; usiyapeleke mbele ya mkubwa wako.

Kusifu chakula ulichokwisha kula ni oishikatta desu. "Oishii deshita" ni kosa, kwa sababu oishii, "tamu", hubadilika lenyewe kuonyesha wakati uliopita.

Kwenye wali Mswahili anatamba. Wanaotoka lugha zenye neno moja tu huhangaika, sisi tunayo matatu tayari: mpunga ni ine, mchele ni kome, wali ni gohan. Ila gohan ni mlo pia: asagohan wa asubuhi, hirugohan wa mchana, bangohan wa jioni. Ukiulizwa gohan tabeta?, "umekula?", na umekula tambi, jibu bado ni ndiyo.

Si kila kiingiacho kinywani ni taberu, "kula". Dawa, hata ya vidonge, ni nomu, "kunywa": kusuri o nomu. Supu ya miso nayo ni nomu, kwani hunywewa moja kwa moja kutoka bakulini.

Kuongezewa chakula ni okawari. Kukataa kwa kekkō desu peke yake kunaweza kuleta utata, maana kekkō ni "vizuri" pia. Tanguliza mō, "tayari": mō kekkō desu. Au taja tumbo moja kwa moja, mō onaka ippai desu, "tumbo limeshajaa", na bakuli halitajazwa tena.