Kutoka spana boi hadi msimamizi: kabla hujamwacha mtoto gereji

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi wa Magongo, Mikindani, Jomvu, wengine hata ng'ambo Likoni, watu ninaosali nao na watu tunaojuana kwa salamu tu. Ombi lao ni moja: "Kijana yuko nyumbani, hebu mchukue gereji ashike spana." Nikiwauliza ashike spana halafu awe nani, wengi hunyamaza. Wanajua mwalimu ana vyeo vyake na polisi ana vyake begani, lakini kazi yetu wanaiona ni moja tu, mtu kulala chini ya gari na kutoka mweusi.

Mimi ni msimamizi wa karakana ya malori huku Changamwe, Mombasa. Niliingia kazini enzi za kabureta, nikapita gereji za chini ya mwarobaini na za kampuni zenye sakafu iliyopakwa rangi. Kote huko ngazi zipo, ziwe zimeandikwa au hazijaandikwa. Na miaka peke yake haimpandishi mtu. Anapanda kwa kazi anayoachiwa aifanye bila mwingine kuikagua nyuma yake. Hilo ndilo ningependa mzazi alishike kabla ya kumkabidhi mtoto wake kwa mwenye gereji yeyote.

Chini kabisa yuko spana boi. Anaosha vyuma kwa dizeli, analeta vifaa, anakanyaga pedali ya breki huku fundi akitoa hewa chini, na kwenye malori anapiga grisi mpaka mikono imuume. Nani aliyesema ni kazi ya bure? Hapo ndipo jicho linapofunzwa. Akiona kichwa cha bolti ya Toyota anajua ni ya milimita 10, 12 au 14 kabla hajagusa soketi. Anajua pia kwamba nati iliyoliwa na hewa ya bahari haivutwi kwa hasira: inapuliziwa oili ya kutu, inagongwa kidogo, inaachwa kwanza. Gari lililolala miaka Nyali karibu na ufuo na gari lililoteremka juzi kutoka Nairobi huwezi kuyafungua kwa mkono mmoja.

Kinachoniumiza ni vijana kuozea hapo. Mwenye gereji anampa mia mbili ya chakula jioni, anamtuma chai, na mwaka unaisha, na mwingine. Nimekutana na kijana wa umri wa kuoa, anashusha giaboksi ya Hiace na kuirudisha bila msaada, na bado anaitwa spana boi na analipwa kama spana boi. Huo ni unyonyaji, sina neno laini la kuuita. Kijana mwenye akili za kawaida aliye na fundi wa kumfundisha hana sababu ya kuzidi mwaka mmoja kwenye ngazi hiyo.

Inayofuata ni sevisi: kumwaga oili, kubadilisha filta, mikanda, pedi za breki, kufungua na kufunga magurudumu. Kwenye kampuni huyu ana cheo chake na kadi yake ya kazi, karatasi inayoonyesha nani kafanya kazi gani. Kwenye gereji za uani hana jina, ingawa ndiye wa kwanza kushika kitu kinachoweza kuua mtu. Mimi huanza kumpima kijana kwenye magurudumu. Toyota ndogo nyingi zinataka nati zikazwe kwa Nyutoni-mita 103, na torki renchi, ile inayopima nguvu ya kukaza, inaning'inia ukutani kwa kazi hiyo. Anakaza kwa kuvuka, hii kisha ile inayotazamana nayo, gari likiwa limegusa chini. Akimaliza, mimi napita nyuma yake na renchi ile ile. Wiki za mwanzo nakuta moja imekazwa kupita kiasi, nyingine imesahaulika. Ikifika napita kila siku na sikuti kosa, naacha kupita. Hapo amepanda, na siku hiyo hiyo namwendea tajiri kuzungumzia mshahara wake.

Kutoka sevisi njia zinagawanyika, na wazazi wengi hawajui kabisa. Kuna fundi injini, fundi wa giaboksi, fundi wa umeme ambaye mitaani tunamwita wa waya, fundi wa pampu na nozo za dizeli, fundi bodi, fundi rangi, fundi wa eisi, ambaye kwa joto la Mombasa hakosi kazi mwezi wowote. Ukiingia gereji kubwa ya jua kali utadhani ni biashara moja, kumbe kila mmoja amekodi kipande chake na gari linasukumwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Fundi bodi aliyebobea hahitaji kujua vali zinafungukaje, na hapaswi kudharauliwa kwa hilo. Nimeona mkono wa fundi rangi ukipita juu ya mlango macho yakiwa kwingine, ukasimama mahali ambapo mimi sikuona kasoro yoyote. Alipoupiga msasa, bonde likatokea.

Sasa tofauti ya fundi na fundi mkuu. Tulikuwa na lori la trela lililokuwa likipanda mlima wa Mazeras, sindano ya joto inapanda nalo. Likaletwa. Spana boi akamwaga maji, fundi injini akafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, akailaza rula ya chuma juu yake na kupitisha filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, chini ya rula. Imepinda. Ikaenda kukwanguliwa, ikarudi, ikawekwa gasketi mpya. Bolti alizikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na awamu ya mwisho kwa kuzungusha digrii kama kitabu kinavyotaka. Kazi safi, niliisimamia kwa macho yangu. Lori likaondoka, na baada ya muda likarudi na ugonjwa ule ule.

Fundi wetu mkuu, mzee wa Kisauni, hakugusa injini. Alingoja ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, akapitisha kidole ndani. Kikatoka na ukoko mweupe uliochanganyika na kutu. Akamwita dereva.

"Mwanangu, maji unatia ya wapi?"

"Ya kisima, ami, pale pale tunapoegesha."

Anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa maji ya visima vyetu. Mengi yana chumvi, na ukiyatia kwenye rejeta siku baada ya siku, chumvi na chokaa huganda ndani ya vile vijia vyembamba, joto likakosa pa kutokea, na hedi ikapinda tena hata uikwangue mara ngapi. Rejeta ikatolewa, ikasafishwa, ikatiwa kulanti, dawa ya kupozea injini, na maji yaliyosafishwa, dereva akapewa mtungi wake wa akiba. Lori hilo linapanda Mazeras hadi leo.

Fundi injini hakukosea popote. Aliulizwa kipi kimeharibika, akajibu sawasawa. Mzee alitaka kujua kwa nini kimeharibika, na jibu alilipata kwa dereva, si kwenye sanduku la spana. Kufika hapo kunataka miaka, lakini miaka ya mtu anayeuliza. Wako waliokaa muda kama wa mzee huyu na wanaendelea kubadilisha gasketi tu.

Na mzee huyo huyo, kabla hajaja kwetu, alikataliwa kazi kwenye karakana ya kampuni moja kwa kuwa hana karatasi. Walimtazama mikono, wakakiri anajua, kisha wakaomba cheti. Hakuwa nacho. Kwa hiyo nikimwambia kijana habari za vyeti simwambii kwa sababu napenda makaratasi. Namwambia kwa sababu nimeona mlango ukifungwa usoni mwa mtu aliyenishinda mimi kwa ujuzi.

Njia ya aliyejifunzia gereji ni mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, ambao wana kituo hapa hapa Mombasa. Una madaraja 3: unaanza na la 3, unapanda la 2, kisha la 1. Unafanya kwa mikono mbele ya mtahini, pamoja na maswali ya nadharia. Hata aliyeishia darasa la nane anaweza kuufanya. Njia ya pili ni vyuo vya ufundi: ngazi ya 4 ni ya atisani, ya 5 ni ya krafti, ya 6 ni diploma. Anayetaka kwenda mbele zaidi, hadi uhandisi, ana TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, ambayo wakubwa wetu wanaikumbuka kama Poli kabla haijawa chuo kikuu kamili mwaka 2013.

Wa diploma nao nina neno nao. Wakija kwetu baada ya chuo wengine wanatarajia kiti na kompyuta. Mimi nawaweka sevisi miezi michache, wachafuke kwanza, kwa sababu bolti iliyoshika kutu haikufundishwa ubaoni. Lakini nakiri jambo moja: mpe yule wa chuo mchoro wa waya wa lori la kisasa, atausoma na kuifuata njia ya umeme kutoka fyuzi hadi sensa huku fundi wa zamani bado anapapasa. Ukiwaweka wawili hao kwenye kadi moja ya kazi, wanafundishana. Mimi napanga hivyo makusudi.

Kwa Marekani mambo haya yameandikwa waziwazi. Kuna taasisi inayoitwa ASE, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo haimpi fundi wa magari cheti kimoja cha jumla. Inamtahini sehemu kwa sehemu: A1 ni injini, A4 ni sospensheni na usukani, A5 breki, A6 umeme, A7 joto na eisi. Akifaulu A1 hadi A8 na ana uzoefu wa kazi unaotakiwa, ndipo anaitwa fundi mkuu, na vyeti hivyo anavihuisha kila baada ya miaka 5. Hilo la mwisho ndilo ninalolitamani zaidi huku kwetu. Magari yanabadilika, na fundi asiyepimwa tena anabaki na ujuzi wa magari yaliyokwishauzwa vyuma chakavu.

Tazama Toyota Aqua, gari la petroli na umeme pamoja, zilivyojaa mjini. Betri yake kubwa ni volti 144, na nyaya zake nene zimevishwa rangi ya machungwa ili mtu ajue asizishike ovyo. Fundi anatakiwa azime gari, aweke ufunguo mbali, avae glavu za kuhami umeme, achomoe plagi ya usalama ya betri, kisha angoje dakika 10 umeme uliobaki ndani upungue, na hata hapo apime kwa mita kabla ya kugusa. Nimeona vijana wakiingiza spana humo kana kwamba ni betri ya gari la kawaida kama Probox. Kwangu kazi hiyo ni ngazi yenyewe, haipewi mtu hadi afunzwe, hata awe na daraja la 1.

Juu ya mafundi kuna wasioshika spana kila siku. Mpokeaji magari, anayeandika malalamiko ya dereva kwa maneno ya dereva mwenyewe: "inalia ngo-ngo nikikata kona ya kulia" inamsaidia fundi kuliko "kagua mbele". Mtu wa stoo, anayejua spea halali na ile ya kuigiza kwa kuishika tu. Meneja, anayepigana na hesabu. Na msimamizi, ambaye ni mimi: nagawa kazi kulingana na ngazi za watu, nalipeleka lori barabarani kulijaribu, na ndiyo maana leseni ya malori lazima uwe nayo, kisha natia sahihi. Breki zikikataa kwenye mteremko, jina linaloulizwa ni langu. Sioni cheo hiki kuwa ni kupumzika.

Basi mzazi, ukimpeleka kijana gereji, muulize mwenye gereji mambo haya mbele ya mtoto. Jina lake litaandikwa kwenye kadi ya kazi aliyoifanya? Fundi gani hasa atakayekaa naye? Lini atapelekwa kufanya mtihani wa daraja la 3, na nani atalipa ada? Akianza kucheka au kubabaika, mshike mtoto mkono mwende gereji ya pili. Na ukisikia mtu anasema kazi hii si ya wasichana, usimjibu. Binti wa dada yangu amemaliza shule, na ni yeye mwenyewe aliyenijia: "Mjomba, mimi nataka upande wa umeme." Anaanza Jumatatu. Nimemwambia aje na viatu vya ngozi vilivyofunika vidole, aache pete na saa nyumbani, nywele azifunge. Ovaroli nitampa mimi, na mwezi wa kwanza atakuwa sevisi kama wengine wote.