Alama ya Sikio

Juma lililopita, tukiwa njiani kwenda Bahi, mwanangu alimwona ng'ombe mwenye hereni ya utambuzi kwenye sikio moja na pengo kwenye la pili, akaniuliza ni nani aliyemkata. Nilimjibu kwamba pengo lile ndilo lililokuwa hereni ya zamani, kisha nikanyamaza hadi tulipofika, kwa kuwa mawazo yalikuwa yamenirudisha kwenye zizi la babu, mwaka wa pili wa shahada yangu ya uzamivu.

Nilikwenda kwake nikiwa nimevunjika moyo. Kwa miezi mingi nilikuwa nikipima damu ya mtu mmoja aliyeishi na VVU, iliyochukuliwa kwa vipindi kabla hajaanza dawa, ili nijue kama kingamwili zake zinavizuia virusi vyake mwenyewe. Seli tulizotumia hutoa mwanga virusi vikiziingia, mwanga hafifu unaosomwa na mashine. Kingamwili zikifaulu, vishimo vya kisahani hubaki giza. Kingamwili za mwezi wa 12 wa ufuatiliaji zilivizima kabisa virusi vya mwezi wa 6, lakini mbele ya virusi vya mwezi huohuo wa 12, mashine ilisoma mwanga kana kwamba sikutia kitu. Watafiti wengine walikwisha kulichapisha jambo hilo mwaka 2003, nami nilikuwa nimelisoma. Hata hivyo, kulikuta kwenye damu niliyoishika kwa mikono yangu kulinielemea.

Jioni ile babu alikuwa amemlaza ndama. Kijana mmoja alimbana miguu, babu akalikunja sikio la kushoto kwa vidole viwili, akapitisha kisu mara moja upande wa chini, akashindilia majivu kabla damu haijachuruzika shingoni. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Haya, mjukuu wangu, nieleze huyo mdudu wako anavyowashinda askari wa mwilini."

Nilimweleza kwamba kingamwili hukitambua kirusi kwa alama iliyo kwenye ganda lake, kwamba ganda hilo limefunikwa na sukari, na kwamba kirusi hukosea mara nyingi kinapojinakili, hata kosa dogo likaihamisha sukari moja. Katika damu ile, sukari ya nafasi ya 332 ilikuwa imehamia nafasi ya 334.

"Huyo ni mwizi wa ng'ombe," akasema. "Amekata upya juu ya alama yangu. Mimi nazunguka minadani nikitafuta pengo la chini, na ng'ombe wangu ananipita."

Nilimpinga, kwa sababu mwizi hukusudia, ilhali virusi havikusudii lolote: vinakosea kwa wingi, na kile ambacho kosa lake limekiokoa ndicho kinachozaa. Alifikiri kidogo, kidole gumba kikiwa bado kwenye jeraha.

"Basi ni vibaya zaidi. Anayekusudia utamvizia."

Nilimwambia kwamba ipo sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha ovyo, ile kinayoshikia seli, na kwamba kingamwili iitwayo VRC01, iliyotangazwa mwaka 2010, hulenga hapo. Nilisema kwa matumaini makubwa. Miaka baadaye, mwaka 2021, majaribio ya VRC01 yaliyofanyika pia Mbeya yalionyesha kwamba hata hiyo iliwakinga watu dhidi ya virusi vile tu vilivyokuwa dhaifu mbele yake, na niliposoma matokeo nilimkumbuka babu.

Alimwachia ndama, akapangusa kisu kwenye majani. "Na mwenye damu hiyo?"

Nilijibu kwamba majina hatupewi, tunapewa namba.

"Sikukuuliza jina. Nimeuliza kama yupo."

"Sijui, babu."

Niliporudi maabarani niliuliza. Kumbukumbu tulizoruhusiwa kuziona ziliishia mwezi wa 30, alipoanzishiwa dawa.