Dizeli inayogoma kuwaka alfajiri ya baridi: ninavyoitafuta hitilafu

Gari la dizeli lenye hita plagi mbili zilizokufa (vile vijiti vya umeme vinavyopasha silinda joto wakati wa kuwasha) linaweza kukaa Dar es Salaam mwaka mzima likiwaka kila asubuhi, na mwenye gari asijue lolote. Lipandishe Njombe mwezi wa saba, lilale nje, na saa kumi na moja alfajiri stata itazungusha weee, injini isishike. Watu husema ni baridi. Ni baridi kweli, ila na mwinuko nao una mkono wake. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Hewa ikiingia pungufu, tena baridi, joto hilo halifiki inapotakiwa. Hitilafu ndogo iliyokuwa imejificha pwani huku inaumbuka.

Nitaeleza kwa mfano wa Toyota Hilux ya kubebea viazi, injini ya 3L (ni jina la injini, si lita tatu), iliyokuwa inawaka kwa kusukumwa tu.

Kanuni yangu ni moja: vipimo vyote vya msingi vifanyike kabla injini haijashika. Ikishanguruma dakika tano, ushahidi umepotea mpaka kesho alfajiri. Kwa hiyo vifaa naviandaa jioni: mita ya umeme, brashi ya waya, soketi ndefu ya namba 12, kipande cha mpira mweupe unaoonesha ndani, tochi, na mtu wa kukaa kwenye usukani apige stata ninapomwambia.

Naanza na betri, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa kuliko vyote. Jioni nawasha taa kubwa kwa dakika moja, kisha nazima, ili ule umeme wa juujuu uliotokana na kuchaji uondoke. Asubuhi, kabla swichi haijaguswa, napima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 inakaribia kuisha. Ile Hilux ilisoma 12.5. Halafu napima tena wakati stata inazunguka, ncha za mita zikigusa vichwa vya betri vyenyewe, wala si vile vibanio vya waya. Isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ilisoma 10.4, na huku stata inajikokota.

Hapo ndipo wengi wanaponunua betri mpya bila sababu. Betri iliyochoka huporomoka hadi 8 au chini zaidi stata inapovuta. Betri ikibaki juu ya 10 na bado injini inazunguka kizembe, umeme haumfikii stata. Kuna kizuizi njiani. Betri yenyewe kwenye nyuzi sifuri hutoa kama theluthi mbili tu ya nguvu inayotoa kwenye nyuzi 27, kwa hiyo upotevu mdogo wa njiani, ambao mchana hauna neno, alfajiri unatosha kukwamisha gari.

Kizuizi hicho hakionekani kwa macho na hakipimiki kwa ohm, kwa kuwa uzi mmoja mzima wa waya kati ya mia hupitisha umeme wa kuwasha taa lakini haupitishi wa stata. Kinapimwa stata ikiwa inavuta. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha bloku ya injini, piga stata: isizidi volti 0.3. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti kubwa ya stata, isizidi 0.5. Chanya ilikuwa 0.3, safi. Hasi ilikuwa 1.1. Waya wa hasi ulifungwa kwenye bloku juu ya rangi na matope ya zamani, na nilipochana ganda lake karibu na kiatu (kile kichwa chake cha kufungia boliti), shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nimefunga waya mpya wa shaba wa milimita za mraba 35, nikakwangua bloku mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi baada ya kukaza. Kipimo kikashuka hadi 0.15 na stata ikabadilika sauti.

Stata ikigonga "ka!" mara moja na isizunguke, huku volti zinafika, ni habari nyingine: vile vibati vya shaba ndani ya solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, vimelika. Vinauzwa peke yake, hakuna haja ya stata nzima.

Na oili. Hii gari iliwekwa 20W-50, wanayopenda wenye injini kuukuu ili isile oili. Namba iliyo mbele ya W ndiyo inayoeleza oili itakavyokuwa baridini, na 20 ni nzito mno kwa alfajiri ya huku. 15W-40 ya dizeli inatosha.

Stata sasa inazungusha vizuri, injini bado haishiki. Nikaenda kusimama kwenye ekzosi. Moshi wakati stata inazunguka unakuambia uelekee wapi. Hakuna moshi kabisa: dizeli haiingii kwenye silinda. Moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi: inaingia lakini haiungui. Wetu ulikuwa mweupe. Kwa hiyo pampu na nozeli niliziacha, nikageukia hita plagi.

Usiiamini taa ya dashibodi. Ile taa ya koili inazimwa na saa ya ndani ya kifaa chake. Itawaka na kuzima kwa adabu hata kama plagi zote nne zimekufa. Pima volti kwenye kile kibati kinachounganisha plagi, injini ikiwa baridi na ufunguo ukiwa "on": inapaswa kukaribia ya betri. Ukikuta sifuri, tafuta fyuzi kubwa ya hita na relei yake. Taa ikiwaka sekunde moja tu kwenye baridi kali, shuku sensa ya joto la maji: kwenye nyuzi 20 inapaswa kusoma kiloohm 2 hadi 3, kwenye sifuri kati ya 4 na 7.

Sisi tulikuwa na volti 11.3 kwenye kibati, kwa hiyo umeme unafika. Nikakifungua kibati, maana kikiwa kimefungwa plagi moja nzima huficha zilizokufa, nikapima moja moja kutoka kichwa cha plagi hadi bloku. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita uone waya zake zenyewe zinasoma ngapi, uitoe hiyo. Silinda ya kwanza na ya pili zilisoma ohm 0.8 na 0.9. Ya tatu na ya nne hazikusoma kitu, yaani zimekatika. Asiye na mita achukue balbu ya volti 12, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha plagi. Isipowaka, plagi imekatika.

Kuzitoa ni kazi ya mchana, injini ikiwa ya moto, baada ya kulowesha nyuzi kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku. Plagi iliyokaa miaka inavimba ncha, na ukiilazimisha inakatikia ndani ya silinda hedi. Kaza, legeza, kaza tena kidogo, taratibu. Mpya zinakazwa kwa newtonmita 13 tu.

Dukani soma volti zilizogongwa kwenye mwili wa plagi. Injini hizi zina mifumo zaidi ya mmoja. Plagi ya volti 6 ukiiweka kwenye mfumo unaopeleka volti 12 muda wote itaungua upesi, na ya volti 12 kwenye mfumo wa 6 haitapata moto wa maana. Nunua nne, uende na mita yako: zikipishana sana ohm, rudisha. Mimi huzijaribu pia kwa betri, nikiishika kwa koleo: ncha itangulie kuwa nyekundu. Ikianza kuwaka katikati, si ya kuweka.

Baada ya hapo Hilux ilishika kwa stata fupi, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukakata.

Moshi ungekuwa haupo, ningefuata dizeli. Pampu ya mkono juu ya filta: ikihitaji kubonyezwa mara nyingi kabla haijawa ngumu, dizeli imerudi tangini usiku kwa sababu mahali fulani hewa inaingia. Baridi hukakamaza mipira na vibanio vinalegea, ndiyo maana mchana huoni kitu. Egesha usiku pua ikiwa imeelekea bondeni. Likiwaka vizuri asubuhi, umeshapata jibu. Ule mpira mweupe uunge kati ya filta na pampu utazame mapovu. Fungua pia kizibo cha chini ya filta umwage maji. Ukipanda Kitulo, ambako huwa na barafu alfajiri, tone hilo linaganda na kuziba. Na waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu (ile inayokata dizeli ufunguo ukizimwa), ukiuchomoa na kuurudisha ufunguo ukiwa "on", lazima usikie "tik".

Ile dawa ya kuwashia, inayopulizwa kwenye njia ya hewa ya injini, siitumii kwenye injini yenye hita plagi. Inalipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi za pistoni, na injini huizoea kwa sababu kila mpulizo unaiharibu zaidi. Jiko la mkaa chini ya injini inayovuja dizeli sina haja ya kulisemea.

Kama waya, plagi na dizeli viko sawa na bado moshi mweupe unaendelea, pima mgandamizo kupitia matundu ya hita plagi kwa geji ya mgandamizo ya injini za dizeli. Kipimo cha 3L nzima ni karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba, na mwisho ni 20. Hiyo ni ya usawa wa bahari: Njombe injini nzima itasoma 25 hivi, usije ukaihukumu bure. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi 5, tia kijiko kimoja cha oili kwenye ile iliyo chini, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi, na hedi inabidi ifunguliwe.