Fedha za matuta huombwa kabla ya Septemba, si Mei

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji. Kwa hivyo mkulima wa Mwakirunge au mkazi wa mteremko wa Mikindani, kaunti ya Mombasa, anayedai matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo haombi hisani. Shida ni kwamba wengi hujitokeza kwenye vikao vya bajeti vya Mei, chakula kishapakuliwa.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, nao ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Vikomo vya matumizi ya kila idara huja na waraka wa mkakati wa fedha wa Februari 28, makadirio yenyewe Aprili 30. Mradi ambao haukuwemo tangu Septemba ni kazi ngumu kuupenyeza.

Basi iandikieni kaunti barua Julai, ipigwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Na iwe na vipimo! Fungu lililoandikwa "uhifadhi wa mazingira" bila mita ni jepesi kuhamishwa na gumu kukagua. Fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, ya urefu wa mita 100, upana sentimita 60 na kina 60, ni mita 36 za ujazo. Mchimbaji akitoa mita 2 za ujazo kwa siku, hizo ni siku 18 za kazi ya mtu mmoja. Jumlisheni nyasi za kushika tuta, na mawe ya njia ya kutolea maji yaliyozidi. Hayo mawe ndiyo husahaulika. Pasipo njia hiyo, maji hujaa, hupanda juu ya tuta, hulikata palipo dhaifu, kisha hushuka yote kwa mkupuo, na bonde huchimbika kuliko awali. Mstari uliokisiwa kwa jicho, bila fremu ya A (miti iliyofungwa kwa umbo la herufi A, ya kupimia usawa) wala pimamaji, huleta balaa hilohilo.

Tarehe ya kazi nayo iandikwe: zabuni zikamilike mapema, uchimbaji uishe Februari, nyasi zipandwe mvua za kwanza za masika. Matuta yanayochimbwa Mei, watu wakikimbizana na Juni 30, huwa udongo mbichi juu ya mteremko, na udongo huo huishia kwenye mikoko ya Hori ya Tudor.

Tengeni pia fedha za kuzoa mchanga mtaroni kila baada ya masika na vuli. Mtaro uliojaa hadi nusu hubeba nusu ya maji uliyoulipia.