Tofali la Ezekieli

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Shule zimefunguliwa. Kaskazi inavuma, maembe ya mwisho mwisho yanadondoka, na mimi nimerudi kwenye mwembe ulio nyuma ya madarasa, ambao ndio jukwaa langu. Nafundisha Sanaa za Maonyesho katika sekondari moja hapa Bagamoyo. Azimio la kazi nimeandika, andalio la somo liko tayari, lakini Jumatatu asubuhi miguu ilikuwa mizito. Mwaka jana, mitihani ilipokaribia, vipindi vyangu viwili vya Alhamisi vilipewa hisabati. Hakuna aliyeniita kuniambia, niliikuta tu ratiba mpya imebandikwa ukutani. Nilinyamaza, ila moyoni sikunyamaza, na uchungu ule nimevuka nao mwaka.

Ndipo nikafungua Ezekieli, sura ya 4. Naomba muisome nyumbani polepole, maana wengi wetu huiruka tukikimbilia bonde la mifupa mikavu. Mungu anamwambia nabii atwae tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzungushie maboma na kambi za adui, kisha asimamishe kikaango cha chuma kiwe ukuta. Halafu alale kwa ubavu wa kushoto siku 390, na kwa ubavu wa kuume siku 40. Aliyewahi kusimama mbele ya hadhira anajua hiki ni nini. Ni igizo! Na sura ya 3 imekwisha kutuambia kwamba ulimi wake utagandamana na kaakaa, awe bubu. Basi ni vitendo bubu, somo ambalo mimi huanza nalo kila Januari kwa kidato cha kwanza.

Tazameni anayepewa kazi hii. Ezekieli ni kuhani, mwana wa kuhani, mtu wa hekaluni. Lakini yuko ugenini katika nchi ya Wakaldayo, yaani Babeli, kando ya mto Kebari, pamoja na mateka wenzake, na hekalu liko asikoweza kufika. Mungu hamwahidi jengo. Anamwambia atwae tofali. Tofali moja, katika nchi iliyojengwa kwa matofali ya udongo!

Hapo niliona aibu. Nimeomba ukumbi miaka mingi, kama vile bila ukumbi Mungu hana la kufanya nami. Na naishi mji gani? Huu wenye chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho ukumbi wake uliungua mwaka 2002, na sanaa haikuhama Bagamoyo.

Lakini Maandiko hayamtaki nabii awe jiwe. Anapoambiwa aoke mkate wake kwa moto wa kinyesi cha mtu, analia kwa Bwana kwamba tangu ujana wake hajajitia unajisi. Na Mungu anamsikia, anamruhusu kinyesi cha ng'ombe. Igizo linaendelea, sharti moja limelegezwa. Wiki nzima nimekuwa nikirudia mistari hiyo. Nilidhani mwalimu mwaminifu ni yule asiyelalamika, kumbe nabii alisema la moyoni bila kuiacha kazi. Jumatano nikaenda kwa mwalimu wa taaluma, nikamweleza kwa heshima habari ya zile Alhamisi. Aliniambia ataitazama ratiba. Nilitoka mwepesi kuliko nilivyoingia, hata kabla ya jibu.

Kuhusu watazamaji, sura hiyo iko kimya. Hatuambiwi nani alisimama kumwangalia. Mpaka sura ya 12, nabii anapofungasha mizigo kama mtu anayehamishwa, ndipo tunasikia watu wakimuuliza: Unafanya nini?

Ijumaa niliwapa kidato cha kwanza zoezi lao: nenda bombani, kinga maji, jitwishe, rudi nyumbani. Hakuna ndoo, hakuna neno. Wavulana wakafanya vituko, darasa likacheka. Kisha akasimama binti mmoja ambaye tangu Jumatatu sikuwa nimeisikia sauti yake, hata kwenye kuitwa majina alikuwa ananyoosha mkono tu. Akakunja kanga isiyokuwepo, akaiviringa ikawa kata, akaiweka kichwani. Akafungua bomba. Akasubiri. Alisubiri muda mrefu kweli, na wote tukalitambua bomba lile, lile linalotoa maji uzi kwa uzi. Akajitwisha, akaanza kutembea, shingo imenyooka, mkono mmoja juu. Hatua ya sita akasimama. Akageuka taratibu mwili mzima, maana ndoo imejaa, akarudi, akashuka kwa magoti bila kuinamisha kichwa, akalifunga bomba.

Hakuna aliyecheka. Embe lilidondoka juu ya bati la stoo na hakuna aliyegeuka.

Naombeni mniombee, na mumwombee kila mwalimu wa sanaa anayeanza muhula huu bila ukumbi. Jumatatu nina mkondo mwingine, vipindi viwili vya mwisho, watoto wakiwa na njaa na jua kali. Nyuma ya jiko la shule kuna tofali zilizobaki baada ya ujenzi. Nimeomba moja kwa mpishi, nalo lipo tayari chini ya mwembe.