Saa Sita Kivuli Kilipopotea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi iliyopita, baada ya maombi, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki ameinamisha kichwa. Mwanawe alimaliza chuo, na huu ni mwaka wa tatu anatafuta kazi. Akaniambia, "Mwenzangu, naona maombi yangu yamesimama palepale." Sikumjibu siku ile. Maneno mepesi kwa mtu aliyelemewa ni mzigo wa pili.

Kesho yake, tarehe 9 Oktoba, nilikuwa naanika nguo uani, yapata saa sita na nusu mchana. Nikatazama chini, kivuli changu sikioni. Nguzo ya kamba imesimama haina kivuli, na ndoo imekikalia chake.

Sisi wa Dodoma jua hili la utosi tunalijua kwa ukali wake, hasa mwezi huu ambao ardhi imepasuka na mibuyu haina jani. Ila lina habari ya kutupa. Dunia imeinama kwenye mhimili wake kwa nyuzi 23.5 hivi, na inapolizunguka jua mwaka mzima, mahali jua linapopiga wima huhama, mara kaskazini, mara kusini. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi likirudi kaskazini, na siku hizi za Oktoba likishuka kusini. Mkanda wa mvua hulifuata taratibu, ndiyo maana kwetu mawingu ya kweli huonekana kuelekea Desemba.

Nikasimama pale uani na kikapu cha nguo, machozi yananilenga. Uwanja mkavu, hakuna kinachotikisika, kumbe tumeshabebwa zaidi ya nusu ya safari ya kulizunguka jua tangu Machi!

Na tunabebwa kwa kasi. Hapa tulipo, dunia ikijizungusha inatupeleka mashariki kilomita zipatazo 1,660 kwa saa. Katika kulizunguka jua inakwenda kilomita 30 hivi kila sekunde. Ibada ya saa mbili ikiisha, tumesafiri zaidi ya kilomita 200,000, na maji ya kwenye glasi ya mhubiri hayajamwagika.

Mbona hatusikii? Aliyepanda treni ya umeme kutoka Dar anaelewa. Ikishika mwendo wake, ukifumba macho unaweza kudhani imesimama. Unachokisikia ni inapoondoka, inapofunga breki, inapokata kona kali. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa merikebu: aliye ndani ya chumba kilichofungwa hawezi kujua kama chombo kinakwenda, maadamu mwendo ni ule ule. Kona ya dunia yetu nayo ni pole mno. Katika sekunde ile ile tunayosonga kilomita 30, jua linaivuta njia yetu kuelekea kwake kwa milimita 3 tu, urefu wa punje ya uwele. Kwa punje hiyo, sekunde baada ya sekunde, hatupotelei gizani.

Wapendwa, hapa ndipo nilipopata la kumwambia yule mama. Tunachokisikia haraka ni kile kinachokatika. Mkono ambao haujawahi kutuachia hata sekunde moja, tutausikiaje? Katika Mwanzo 8, Nuhu alipotoa sadaka, Bwana alisema moyoni mwake kwamba majira ya kupanda na ya mavuno, mchana na usiku, havitakoma. Hakuahidi kwamba kila mwaka ghala litajaa. Wazee wetu wa Ugogo wameona njaa, na mimi siwezi kuwaficha hilo. Wala sikumwambia kwamba kijana atapata kazi mwezi ujao. Nilimwambia kwamba kutosikia mwendo si dalili ya kusimama.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama Jumamosi nitakuwa na nafasi ya kumsaidia kung'oa visiki shambani kwake, Ihumwa. Mbegu ya uwele ameshaitoa na kuianika.