Shahada ya Biashara ya Kimataifa: Nilichomjibu Mtoto wa Kaka Yangu

Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, na tangu matokeo yatoke hunipigia simu karibu kila jioni kuuliza jambo lile lile: "Shikamoo shangazi. Nisome biashara ya kimataifa?" Baba yake yuko tayari kuuza kiwanja ili kijana akaisome nje ya nchi. Ananiuliza mimi kwa sababu niliisoma, na kwa sababu huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Jibu langu ni kwamba shahada hiyo ina thamani kubwa, lakini simshauri aifanye kuwa shahada yake ya kwanza.

Nilipohitimu niliweza kueleza bila kutazama daftari hoja ya David Ricardo ya mwaka 1817, ile ya nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Tamko la forodha, hata hivyo, nilikuwa sijawahi kulijaza. Katika mwezi wangu wa tatu kazini nilikabidhiwa mzigo wa mteja ulionunuliwa Shanghai kwa bei ya FOB, yaani bei inayoishia pale mzigo unapopakiwa melini, nayo ilikuwa dola 18,000. Nikaiandika bei hiyo kuwa ndiyo thamani ya forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka thamani ya mzigo wa baharini ijumuishe pia nauli ya meli na bima hadi bandari ya kuingilia, na hizo mbili zilifika dola 2,380. Bidhaa ilikuwa na ushuru wa asilimia 25, kwa hiyo nilikuwa nimeupunguza ushuru kwa dola 595 kabla hata ya kufikia kodi ya ongezeko la thamani. Tamko likahojiwa, masahihisho yakachukua siku kadhaa, kontena likapitiliza siku za bure bandarini, na mteja akalipia kosa langu. FOB na CIF, yaani bei inayojumuisha nauli na bima, nilizisoma darasani na mtihani wake nikaufaulu, lakini katika miaka yote ile hakuna aliyeniwekea mezani ankara na hati ya shehena akaniambia nikokotoe. Nilimwomba radhi mteja yule ana kwa ana, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kilichoniimarisha kazini ni cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, ambacho hapa kwetu hufundishwa katika Chuo cha Kodi. Zaidi ya hapo, mhasibu ana NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB, bodi ya wataalamu wa fani hiyo. Wakishasajiliwa, mwajiri anajua anaajiri mtu wa namna gani. Mhitimu wa biashara ya kimataifa hana bodi kama hiyo. Amesoma masoko kidogo, fedha kidogo, sheria kidogo na usafirishaji kidogo, na akiomba nafasi ya uhasibu anashindwa na mhasibu. Mkopo wa elimu ya juu nao haumsubiri, kwa maana tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Hata hivyo siijutii shahada yangu, na hili nataka kijana alielewe vizuri. Tanzania ilijitoa COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) mwaka 2000 ikabaki katika SADC (umoja wa nchi za Kusini mwa Afrika) na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilhali Kenya imo katika COMESA na Jumuiya lakini haimo SADC. Kwa hiyo mchele wa Mbarali ukivuka Namanga kwenda Kenya unahitaji cheti cha uasili cha Jumuiya, yaani hati inayothibitisha bidhaa imezalishwa wapi, na mchele huo huo ukivuka Tunduma kwenda Zambia unaombewa nafuu ya ushuru kwa kanuni za SADC. Kongo imo katika Jumuiya tangu mwaka 2022, lakini lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kwa njia ya Tunduma linakatiza kwanza Zambia, ambayo si mwanachama. Juu ya hayo yote uko mkataba wa eneo huru la biashara la Afrika, uliosainiwa Kigali mwaka 2018 na kuanza kutumika katika biashara tarehe 1 Januari 2021. Mfanyabiashara akija kuniuliza kama anaweza kuuza bidhaa yake Ghana bila kulipa ushuru kamili, anahitaji mtu anayeweza kusoma kanuni za uasili wa bidhaa na kuelewa kwa nini ziliandikwa vile. Anayejua kujaza fomu tu hukwama hapo. Uwezo huo nilipewa na shahada. Ila mimi sikuanza kuulizwa maswali ya aina hiyo hadi mwaka wa sita kazini.

Ndiyo maana ninamwambia aanze na uhasibu, au ununuzi na ugavi, hapa hapa nyumbani, kisha apate cheti cha forodha, afanye kazi mpakani au bandarini, na biashara ya kimataifa aisome katika shahada ya uzamili akiwa tayari ana maswali yake mwenyewe. Kifaransa au Kichina aanze kujifunza sasa. Kama angekuwa amekulia katika duka la Kariakoo ambalo wazazi wake huagiza mizigo kutoka Guangzhou, ningemwambia aisome moja kwa moja, kwa kuwa kila somo lingepata pa kushika. Kuhusu kwenda nje, sioni sababu ya kuuza kiwanja ili kijana afundishwe kwanza sheria za forodha za nchi nyingine kabla hajazijua za kwetu.

Kaka amekubali kusubiri kabla ya kutafuta mnunuzi. Kijana anafika Jumamosi, na nimemwandalia ankara tano za zamani, nilizofuta majina ya wateja, akokotoe mwenyewe thamani na ushuru wake kabla dirisha la udahili halijafungwa.